Kijana Wako Asome Nini Likizo Hii?

Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne, awe wa Kibosho, wa Marangu au wa hapa hapa mjini Moshi, amesoma riwaya gani za Kiswahili. Atakutajia tatu bila kupumua: Takadini, Joka la Mdimu, Watoto wa Mama N'tilie. Muulize sasa ilikuwaje Peter na Zita, watoto wa Mama N'tilie, wakafika jalalani. Hapo atakupa dhamira: umaskini, malezi, nafasi ya mwanamke katika jamii. Atakupa wahusika wakuu na wahusika wadogo, mandhari na mtindo. Hadithi yenyewe hana. Wengi hawajawahi kukishika kitabu. Wameshika kijitabu cha uhakiki kilichonunuliwa karibu na stendi, majibu yote yamo, na wakafaulu nacho.

Siwalaumu, wala siwalaumu walimu wenye madarasa yaliyofurika na nakala za riwaya za kuhesabu vidoleni. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, iliyotoka 2002, ni kitabu kizuri sana kwa mtoto wa miaka kumi na minne. Bahati mbaya amekutana nacho kwenye chumba cha mtihani. Kwa hiyo likizo inapokaribia na mzazi akaniambia, "Huyu wangu hataki kusoma kabisa, nimnunulie nini?", mimi huuliza kwanza: huwa anafanya nini akiwa hakuna anayemwangalia?

Kuchagua kitabu cha kijana hakuna tofauti na kuchagua nguo ya mtumba kule Mbuyuni: unaitoa kwenye rundo, unaipima mabegani mwa atakayeivaa, bei mtaongea baadaye. Watu wazima wengi tunafanya kinyume. Tunaanza na kasoro tunayotaka kuirekebisha. Mtoto anachelewa kurudi nyumbani, tunamtafutia kitabu cha nidhamu. Umekuta barua ya mvulana kwenye begi la binti, kesho yake unamletea Kilio Chetu, ile tamthiliya ya 1996 kuhusu vijana na UKIMWI. Ni tamthiliya nzuri, isomwe, ila isiwe jibu la barua. Kijana ana pua kali. Akinusa dawa ndani ya kitabu anakifunga ukurasa wa tatu na kukuambia ameshamaliza.

Halafu kabla hujasema hasomi, angalia simu. Vijana wengi wanafuata simulizi za WhatsApp na Facebook, zile za "sehemu ya 27, itaendelea kesho", na usiku wanazisoma mpaka chaji inaisha. Huko ni kusoma. Lugha yake mara nyingi ni ovyo, herufi kubwa na ndogo zimechanganywa, lakini anayemaliza sehemu sitini za simulizi hana tatizo la kusoma, ana tatizo la kutojua kwamba kuna watu wanaoiandika kazi hiyo hiyo vizuri zaidi. Na wewe mzazi uliyesoma miaka ya themanini, kumbuka ulichokuwa unaficha chini ya dawati: gazeti la Sani lenye Ndumilakuwili, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa.

Huyo wa simulizi za kusisimua nampeleka moja kwa moja kwa wapelelezi. Na katika wapelelezi namwanzishia kwa Bwana Msa.

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi kabla ya kuchapwa mwaka 1960. Mwandishi alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima kule Unguja, na labda ndiyo maana anajua kuangalia shamba, nyumba na watu wake kwa jicho la mtu anayekagua. Kuna mauaji, kuna mzimu ambao watu wanauogopa, na kuna Bwana Msa na kiko chake, anavuta, anafikiri, anauliza swali ambalo halionekani kuhusiana na lolote, huku rafiki yake Najum akishangaa kwa niaba yetu sote. Hakuna bunduki kila ukurasa. Kuna akili.

Mpwa wangu wa kidato cha pili alikisoma likizo ya Juni, kule Uru, siku zile ambazo ukungu unashuka hadi kwenye migomba na hakuna anayetaka kutoka nje. Alikuwa amepewa kazi ya kuangalia maziwa jikoni. Nikaingia nikayakuta yamefurika, moto unalia, na yeye amesimama palepale kitabu mkononi. Nikafungua mdomo kumgombeza, akaniwahi: "Shangazi, nimeshamjua muuaji. Subiri nikueleze." Akanieleza. Ushahidi wote alikuwa nao, wa kwanza hadi wa saba, kaupanga kama wakili. Nilipotabasamu akashtuka: "Usiniambie! Shangazi, tafadhali, usiniambie!" Akarudi kuanza upya sura mbili za nyuma. Hakuna mtu aliyemuuliza dhamira.

Kuna ugumu mmoja, nao ni Kiswahili cha Unguja cha miaka ile. Yapo maneno ambayo mtoto wa Uru hajawahi kuyasikia, wala bibi yake. Ushauri wangu ni kwamba asisimame kwenye kila neno na kamusi. Apite. Neno likirudi mara ya tatu atakuwa ameshalielewa lenyewe, na lisiporudi halikuwa na shida. Akikipenda, vipo vingine vya Bwana Msa: Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mwana wa Yungi Hulewa. Huo ni mzigo wa mwaka mzima.

Baada ya Bwana Msa ndipo aende kwa Mtobwa, kisha kwa Hussein Tuwa, ambaye Mkimbizi yake ina mwendo wa kasi kama filamu. Elvis Musiba namweka mwisho, kwa walio na miaka kumi na sita na kuendelea. Kufa na Kupona ilitoka 1974, wakati Dar es Salaam ilikuwa makao ya vyama vya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na Willy Gamba anapigana katika ulimwengu huo. Kijana anaweza kujifunza historia ya kipindi kile bila kujua kwamba anafundishwa. Lakini damu ni nyingi, na wanawake wa Musiba wengi wapo ili watazamwe. Mwambie hivyo kijana wako waziwazi unapompa. Ataona mwenyewe na mtakuwa na jambo la kubishania mezani.

Kwa mdogo zaidi, aliyemaliza darasa la saba au aliyeingia kidato cha kwanza, ninaanza na Shaaban Robert, na najua baadhi yenu mmekunja uso. Mmekumbuka mashairi ya kukariri. Basi sahau mashairi. Adili na Nduguze, ya 1952, inahusu mtu mwema, mpole, anayeheshimika na wote, ambaye kila usiku anachukua mjeledi na kuwachapa manyani wawili. Kwa nini? Mwambie mtoto hayo tu, mpe kitabu, ondoka. Majini yamo, safari za baharini zimo, husuda ya ndugu imo, na kurasa zenyewe ni chache. Kusadikika ingoje kidogo, kwa kuwa hotuba za Karama mahakamani zinahitaji msomaji aliyeanza kukasirikia serikali au mkuu wa shule.

Mtoto wa umri huo huo anayependa vituko visivyo na mantiki atafurahia Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2015. Na Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, riwaya aliyowaandikia vijana hasa, inamzungusha msomaji Tanzania nzima. Hiyo ni zawadi nzuri kwa mtoto wa Rombo ambaye safari yake ndefu kuliko zote imeishia Arusha.

Sasa tuje kwenye jambo linalowatia wazazi hofu: mapenzi.

Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, ambaye alikuwa pia mbunge wa Rombo huku huku kwetu, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwemo, kwa maelezo kwamba vinakiuka mila na maadili. Sitaki kufungua tena mjadala ule. Nataka tu kusema kwamba marufuku haichagui kitabu badala yako. Ukishaondoa vitabu kumi na sita rafu haijajaa. Bado kuna mtoto wa miaka kumi na mitano mwenye maswali, na atayajibu kwa njia yoyote iliyo karibu naye. Waliokuwepo zamani watakumbuka kwamba hata Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, ilizuiwa shuleni, na baadaye ikaja kusomwa na kutahiniwa.

Rosa Mistika ningependa asome baba kwanza. Nasema baba kwa makusudi. Zakaria, baba yake Rosa kule Ukerewe, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Anamfungia ili asiharibike. Kinachofuata binti akishatoka kwenda shule mbali na nyumbani kinauma, na Kezilahabi hafichi kitu: ulevi, wanaume wenye vyeo, utoaji mimba, kifo. Si kitabu cha mtoto wa miaka kumi na mitatu. Kwa wa miaka kumi na saba aliye bwenini, anayekaribia kuondoka nyumbani moja kwa moja, sijui kingine cha Kiswahili kinachosema naye kwa ukweli kama hicho. Ila baba asipokisoma naye, kitabu kimepoteza nusu ya kazi yake.

Vuta n'kuvute ya Adam Shafi inabeba msichana mwingine, Yasmin, anayeozwa kwa mwanamume wa umri wa baba yake katika Unguja ya miaka ya hamsini, anatoroka, na anajikuta katikati ya mapenzi na siasa za kudai uhuru. Amil Shivji ameitengenezea filamu iliyotoka 2021. Kama kijana hapendi vitabu vinene, aanze na filamu, hakuna dhambi. Atarudi kwenye kitabu kutafuta yale yaliyoachwa.

Na kuna binti ambaye hataki mapenzi wala kilio, anataka muziki. Yeye mpe Wasifu wa Siti binti Saad, alioandika Shaaban Robert. Mtoto wa Fumba, aliyekulia kwenye ufinyanzi, aliyedharauliwa kwa umaskini wake, akaishia kuwa sauti iliyorekodiwa kwenye santuri hadi India. Nyimbo zake zinapatikana mtandaoni, kwa hiyo asome huku anasikiliza.

Niseme neno moja hapa kwa akina mama wenzangu. Mabinti wengi wa huku mlimani hawasomi likizo kwa sababu hawaketi. Asubuhi kukata majani ya ng'ombe, mchana jikoni, jioni maji na vyombo, wakati kaka yao yuko kijiweni. Halafu tunasema hapendi vitabu. Mpe saa moja kwa siku ambayo hakuna anayemwita. Kaka yake aende kukata majani.

Kiingereza nacho. Mtoto anatoka shule ya msingi ya Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, ghafla karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Mzazi anakimbia kumnunulia riwaya nene ya Kiingereza ili apate lugha. Anachopata ni hofu. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni ya vitabu pacha: kitabu kile kile kwa lugha mbili. Fortunatus Kawegere alikwisha kututafsiria Animal Farm ikawa Shamba la Wanyama tangu 1967, na Things Fall Apart ya Chinua Achebe ilikuja kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo, kazi ya Clement Ndulute. Mtoto asome sura kwa Kiswahili, kisha sura ile ile kwa Kiingereza. Anajua tayari kwamba nguruwe watageuka, kwa hiyo akili yake yote iko kwenye lugha. Shujaa Okonkwo hutaipata kirahisi dukani. Itafute maktaba, au kwa mwalimu mstaafu aliyeweka vitabu vyake kwenye sanduku.

Kwa Kiingereza kilichoandikwa hasa kwa vijana wetu, tafuta vile vilivyopata Tuzo ya Burt. Mfadhili wake alikuwa Mkanada, Bill Burt. Shirika la CODE liliendesha tuzo hiyo hapa nchini pamoja na Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliokuwepo tangu 1991. Vilivyoshinda vilinunuliwa na kugawiwa shuleni na maktaba. Nahida Esmail ni mmoja wa walioshinda. The Detectives of Shangani yake ni upelelezi wa vijana katika Mji Mkongwe, sentensi fupi, mwendo mwepesi. Inawezekana nakala ipo shuleni kwa mwanao sasa hivi, ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli, funguo ziko kwa mwalimu wa taaluma. Kwenye kikao cha wazazi, badala ya kuuliza tu wastani wa darasa, uliza kuhusu hilo kabati.

Kuna vitabu vya mlima wenyewe pia, na vijana wetu hawaambiwi. Petro Itosi Marealle, aliyekuwa mangi wa Marangu, aliandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947, na Mkuki na Nyota wakakichapa upya 2002. Ndani kuna kuzaliwa, kuoa, kurithi kihamba, kufa, na yanayofuata baada ya kufa. Si riwaya, na kijana akipewa peke yake atakiona kikavu. Kisomwe mbele ya babu au bibi. Mjukuu anasoma aya kwa sauti, mzee anakatiza: "Hapana, sisi Kilema hatukufanya hivyo," na hapo ndipo hadithi inapoanza. Desemba, ukoo mzima ukiwa umepanda toka Dar na ndafu yuko motoni, hutapata nafasi nzuri kuliko hiyo.

Elieshi Lema ni mtoto wa Nronga, Machame. Ameandikia watoto, ameandikia watu wazima, na In the Belly of Dar es Salaam aliyoitoa 2011 inawahusu watoto wa mitaani. Inafaa kuanzia miaka kumi na minne. Parched Earth yake ni ya wakubwa zaidi, kumi na saba na kuendelea. Na Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobeli ya 2021, ana Paradise ya 1994, ambayo kwa Kiswahili ni Peponi, tafsiri ya Hadjivayanis tena, iliyotoka 2022. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapochukuliwa na tajiri kufidia deni la baba yake. Sura ya pili inampeleka kwenye mji ulio chini ya mlima. Kijana wa Moshi akifika hapo huinua macho dirishani, nimeshuhudia. Ni kitabu cha taratibu, cha msomaji ambaye ameshazoea. Usikitumie kumwanzisha mtu. Kuhusu Mangi Meli, aliyenyongwa Old Moshi Machi 2, 1900, bado nangoja mtu aandike riwaya ya vijana. Huenda mwandishi wake sasa hivi yuko kidato cha pili.

Vitabu vinapatikana wapi? Moshi kuna maktaba ya mkoa, na kijana anaweza kusoma pale hata kama hana hela ya kununua. Dar es Salaam, duka la TPH kwenye barabara ya Samora linabeba vingi vya Mkuki na Nyota. Agiza ndugu anayepanda Desemba, lakini mwagize mapema, maana wiki ya Krismasi anawaza tiketi ya basi tu. Na msinunue kila nyumba kitabu kimoja kile kile. Binamu watano, vitabu vitano tofauti, vizunguke kutoka Uru hadi Kilema mpaka Januari.

Kijana akimaliza, usimuulize amejifunza nini. Hilo ni swali la mtihani na atakujibu kwa jibu la mtihani. Muulize ni nani alimkera zaidi, na angekuwa yeye angefanyaje. Akisema kitabu ni kibaya, mkubalie akiache. Mimi nampa kila msomaji ruhusa ya kuacha baada ya kurasa hamsini, sharti aniambie sababu, na sababu zenyewe hunisaidia kuchagua kinachofuata.

Kama mfuko unaruhusu kitabu kimoja tu, na kijana mwenyewe humjui vizuri kwa kuwa miezi tisa yuko bweni, nunua Siku Njema ya Ken Walibora. Ilitoka 1996. Kongowea Mswahili anafiwa na mama yake Tanga, ananyanyaswa na ndugu, anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba ambaye hamjui. Lugha ni tamu bila kumtesa msomaji, wavulana wanaipenda sawa na wasichana, na hakuna ukurasa wa kumfanya matroni akupigie simu. Hata hivyo uliza kwanza utaratibu wa shule, kwani zipo zinazotaka kila kitabu cha ziada kisajiliwe siku ya kufungua. Andika jina lake ndani ya jalada na tena ukurasa wa katikati, kwa sababu bwenini vitabu vina miguu. Kikirudi Juni kimechanika kwa kupita mikono ya bweni zima, mnunulie Mzimu wa Watu wa Kale.